Wanafunzi wa kutwa waachiliwe saa kumi na moja kasorobo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie walimu wakuu wa shule za sekondari za kutwa hapa Mombasa. Ombi langu ni kwamba kengele ya mwisho ilie saa kumi na moja kasorobo jioni kama kanuni za elimu zinavyotaka, na mwanafunzi anayekwenda kutafuta riziki baada ya hapo asiitwe mtoro.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona barazani karibu na Biashara Street, na kazi inayonilisha zaidi ni kupinda leso. Wasomaji wa bara huenda hawajui kwamba leso huuzwa mbili mbili zikiwa zimeungana, na mwenye kununua huja kwetu mafundi tuzikate na kuzipinda kabla hajaenda zake. Ikikaribia Idi, au zikianza harusi, leso hurundikana hadi mikono yangu peke yangu haitoshi. Ndiyo maana nimempokea msichana wa kidato cha tatu anayeishi Likoni, ng'ambo ya feri, na kusoma hapa kisiwani. Mamake nilisoma naye madrasa tukiwa wadogo. Siku hizi anauza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, na babake mtoto hupata kibarua bandarini wiki hii akakosa wiki ile.

Msichana huyu alianza kwa kukata nyuzi na kukunja leso zilizokwisha. Sasa anakaa mwenyewe kwenye cherehani, na pindo lake limenyooka kuliko la mafundi wazima ninaowajua. Namlipa kwa kila pea, papo hapo, kwa sababu pesa ya mwanafunzi ina kazi kesho asubuhi. Jioni nzuri huondoka na shilingi 200. Kwenye feri anayevuka kwa miguu halipi, lakini matatu ya kutoka kivukoni hadi kwao hulipwa, na mvua ikinyesha nauli hupanda. Kinachobaki ni cha chakula cha mchana shuleni, sodo, kalamu na daftari.

Ameniletea na mimi faida ambayo sikuitarajia. Katika somo la Biashara walifundishwa kuandika mapato na matumizi, akanifungulia daftari: uzi, sindano, mafuta ya cherehani, kodi ya baraza, upande mmoja, leso na madera, upande wa pili. Kila Ijumaa hunisomea hesabu. Mwalimu aliyemfundisha somo lile angemwona siku hizo angejua kazi yake haikupotea.

Lakini muhula uliopita shule yao ilianzisha masomo ya ziada hadi saa kumi na mbili jioni, na kila mwanafunzi akatakiwa kuyalipia. Binti akaendelea kutoka saa kumi na moja kasorobo ili awahi barazani. Akaambiwa aje na mzazi. Mamake akaacha biashara siku hiyo, akavuka feri, akasimama ofisini akaelezwa kwamba bintiye ameingiwa na tamaa ya pesa na atakuja kuharibika. Alipita kwangu akitoka huko, na hakuweza kunyanyua kikombe cha chai nilichompa. Mtoto alikuwa anaweka akiba apate kulipia masomo hayo hayo ya ziada. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi wala kwa nani.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziko wazi. Katika shule ya kutwa, masomo ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri. Baada ya hapo ni michezo na shughuli za vyama hadi saa kumi na moja kasorobo. Hazisemi watoto wafike darasani saa kumi na mbili unusu alfajiri kama wanavyotakiwa katika shule nyingi tunazozijua, wala wabaki hadi jua lizame. Mtoto wa Likoni anayeingia shule saa hiyo ameamka kabla ya adhana, na jioni anaikuta foleni ya feri ikiwa imefika barabarani. Ataisoma kemia saa ngapi, na kwa macho yapi?

Serikali imegharamia masomo ya sekondari ya kutwa tangu 2008, na kiwango kilichowekwa kwa kila mwanafunzi ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Tunashukuru kwa hilo. Ila sare, nauli na chakula cha mchana vimebaki mikononi mwa mzazi, na ni hapo hasa ambapo mtoto wa muuza mahamri hukwama. Naelewa walimu wanataka matokeo mazuri ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wanaohitaji kusaidiwa wasaidiwe ndani ya saa za masomo, na atakayetaka zaidi na kuwa na uwezo aje Jumamosi kwa hiari yake. Kumlazimisha kila mtoto, tena kwa malipo, kisha kumpa jina baya anayeshindwa, ni dhuluma.

Siwatetei waajiri wote. Katika soko la Kongowea nimewaona wavulana waliovaa suruali za shule wakisukuma mikokoteni ya magunia ya viazi hadi baada ya Isha, na kuna watu wazima wanaoweka wanafunzi wawauzie muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, vibandani. Hao sheria iwafikie, na mimi nitakuwa wa kwanza kushukuru. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumkosesha masomo, na viwandani inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanyishwa kazi kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Baraza langu si kiwanda, lakini saa hiyo nimeifanya yangu. Magharibi ikiadhiniwa, msichana anafunika cherehani na kushika njia ya kivukoni, hata kama bibi harusi amesimama mlangoni anangoja leso zake. Wiki za mitihani simwiti kabisa, na mamake analijua hilo.

Nawaomba mafundi wenzangu, wenye maduka ya fotokopi na mama lishe wanaopokea wanafunzi wafanye hivyo hivyo. Nazo shule zifungue daftari moja tu: jina la mwanafunzi, anapofanya kazi, saa ya kuingia na ya kutoka, saini ya mzazi na ya mwajiri. Mwalimu wa zamu akiwa na shaka apite aone kwa macho yake. Mimi nimekwisha andika barua yenye maelezo hayo yote na namba yangu ya simu, mamake ametia saini, na binti ataipeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu Jumatatu. Naomba isomwe, na akiitwa tena ofisini, niitwe na mimi pamoja na mamake.

Mama Fundi,
Majengo, Mombasa