Mwanangu, figo ndo zinazoagiza damu

Mwanangu mpenzi,

Uliniuliza kwenye simu kwanini mgonjwa wa figo anaishiwa damu wakati damu haitengenezwi kwenye figo, nikakujibu juu juu. Sasa kaa usome.

Damu inatengenezwa kwenye uboho kweli, yaani ute laini ulio ndani ya mifupa, ila oda inatoka kwenye figo. Figo zikihisi oksijeni imepungua zinatoa homoni inaitwa erithropoietini, inasafiri mpaka kwenye uboho, uboho unazalisha seli nyekundu kwa wingi. Figo zikiharibika na homoni inapungua, ndo maana mtu anakula vizuri na damu bado haipandi.

Lakini figo zinajuaje kwamba oksijeni imepungua? Hapo ndo napapenda mimi. Miaka ya 1990 Mmarekani Gregg Semenza alikuwa anachunguza jeni ya hiyo homoni, akakuta kuna protini inaishika jeni hiyo pale oksijeni inapopungua, ikaitwa HIF. Sasa sikia maajabu: seli inatengeneza HIF muda wote na kuivunja muda wote! Oksijeni ikiwepo, kuna kimeng'enya, yaani protini ya kuharakisha kazi za seli, kinaichukua oksijeni hiyohiyo na kuibandika kwenye HIF kama alama, protini nyingine inaitwa VHL inaiona ile alama, inaikamata, HIF inapelekwa kusagwa, dakika chache tu haipo. Oksijeni ikipungua kimeng'enya kinakosa cha kubandika, HIF inapita bila alama, inajaa, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kibao, za kuongeza damu, za kuotesha mishipa mipya, za kuchoma sukari bila oksijeni. Utaona kama hasara kutengeneza kitu ili ukivunje, ila ndo inavyowahi, haisubiri kuanza upya shida ikishafika.

Na sio figo tu, Peter Ratcliffe wa Uingereza alionyesha karibu kila seli ina uwezo huo. William Kaelin yeye alikuwa anafuatilia ugonjwa wa kurithi unaoleta uvimbe, ambao VHL imeharibika, na zile seli zinahangaika kama zimekosa oksijeni wakati oksijeni ipo tele kwenye damu. Wote watatu wakapewa Nobel 2019, na mimi naona ni haki yao kabisa. Saratani nayo inatumia njia hiyohiyo kujivutia mishipa ya damu.

(Kuhema haraka ukipanda mlima ni habari nyingine, hiyo inahisiwa na vinundu vidogo shingoni na inatokea ndani ya sekunde.)

Kwahiyo ukimkuta mgonjwa wa dayalisisi (anayesafishwa damu kwa mashine) ana damu ndogo usimwambie ale tu. Wengine wanachomwa hiyo homoni yenyewe, na siku hizi kuna vidonge vinavyokizuia kile kimeng'enya, HIF inabaki, mwili unajitengenezea homoni wenyewe. Madini ya chuma bado anayahitaji lakini, wayapime pia.

Mama yako