Mheshimiwa, manusura wa kweli husahau

Kwa Mheshimiwa unayesimamia daftari la manusura na fidia zao,

Salamu za heshima. Nimesikia kwamba baada ya kugundulika watu waliojiandikisha kwa uongo, umeagiza kila manusura ahojiwe upya mbele ya jopo, na atakayejichanganya jina lake lifutwe. Hasira yako naielewa. Lakini nimekaa miaka mingi nikiandika simulizi za watu hawa, na ninachokiona ni hiki: kwa utaratibu huo utawafuta wa kweli na kuwabakiza waongo.

Bila shaka unadhani waongo wote wanafuata pesa. Wapo wa namna hiyo. Baada ya moto wa jengo la Grenfell jijini London, Juni 2017, ulioua watu 72, mwanamume mmoja alijitokeza akilia kuwa mkewe na mwanawe wameteketea humo. Hakuwa mkazi wa jengo lile. Alikula fedha za msaada, akahukumiwa kifungo cha miezi 21. Huyo ni mwizi, na mwizi wa aina hiyo dawa yake ni orodha ya wapangaji. Hakuna haja ya kumtoa mtu machozi kwa maswali.

Wanaonisumbua mimi ni wale wasiotaka hata senti. Mwanamke aliyejiita Tania Head alisimulia kwamba tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa ghorofa ya 78 ya mnara wa kusini, New York, na kwamba mpenzi wake alifia mnara wa pili. Akawa rais wa chama cha manusura bila mshahara. Akawatembeza wageni mahali pa tukio, akawapigania wenzake wasisahaulike. Mwaka 2007 gazeti la New York Times lilipoanza kuchimba, hadithi yote ikaporomoka. Hata jina halikuwa lake, na mwaka ule wa mashambulizi alikuwa akisoma Barcelona.

Alitafuta nini? Nadhani alitafuta kukumbatiwa. Msiba wa taifa una kitu ambacho misiba ya nyumbani haina: watu wanakaa kimya ukisema. Nani humnyamazia mtu anayesimulia utoto wa upweke? Yule aliyejiita Binjamin Wilkomirski, aliyechapisha mwaka 1995 kumbukumbu za mtoto wa Kiyahudi katika kambi za Wanazi za Majdanek na Auschwitz, alikuwa Mswisi aliyetenganishwa na mama yake akiwa mdogo na kulelewa na watu wengine. Uchungu aliokuwa nao ulikuwa wake. Jina la uchungu ndilo aliloliazima. Sisemi haya kumtetea, maana waliopita katika kambi zile waliibiwa kwa mara nyingine.

Kisha yuko Enric Marco wa Hispania, ambaye kwangu ndiye somo gumu kuliko wote. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilidumu zaidi ya miaka 20. Alijidai mfungwa wa kambi ya Wanazi ya Flossenbürg, akaongoza chama cha waliopelekwa kambini, akahutubia shule nyingi na hata bunge. Mwaka 2005 mwanahistoria Benito Bermejo alionyesha kwa nyaraka kwamba Marco alikwenda Ujerumani kwa hiari yake kama kibarua na hakuwahi kukaa kambini. Alipobanwa alijitetea kuwa alisema uongo ili watu wasikilize. Na kweli, tulimsikiliza! Alisimulia vizuri kuliko waliokuwepo.

Hapo ndipo jopo lako linanitia hofu. Mwongo hujiandaa. Amesoma ramani, anajua saa na dakika, analia panapostahili. Aliyekuwepo hukumbuka kiatu kimoja barabarani na kusahau siku ilikuwa ya ngapi. Leo atasema alitoka kwa ngazi, mwakani atasema alibebwa, na pengine yote mawili yalitokea. Wengine hawasemi kabisa. Ukipima ukweli kwa ufasaha, umekwisha mkabidhi Marco ushindi.

Ninachoomba si kikubwa. Makarani wako wafanye kazi aliyoifanya Bermejo: wakae na nyaraka za hospitali, za waajiri, za makazi, kabla ya kumwita mtu. Daftari la fidia litenganishwe na jukwaa, ili asiyetaka kusimulia asilazimike, na anayependa mno kusimulia achunguzwe kwanza kama wengine. Na uweke mlango wa kimya kwa anayetaka kufuta jina lake mwenyewe kabla hajaumbuliwa. Naamini wapo.

Kuna mama mmoja kati ya ninaoandika simulizi zao ambaye barua ya jopo imeshamfikia. Aliniuliza: akiulizwa alitoka mlango gani, naye akajibu hakumbuki, ataandikwa mwongo? Nilimwambia nitakuuliza wewe.

Wako mtiifu,
Mwandishi wa simulizi za manusura