Pumba za mpunga si taka za kutia kiberiti

Mhariri,

Msimu huu wa mavuno ukipita barabara ya Kidatu hadi Ifakara jioni, macho yatakuwasha kwa moshi. Ni pumba za mpunga. Kila penye mashine ya kukoboa pana kilima cha pumba nyuma yake, na kikikaribia kimo cha paa, mwenye mashine anakitia kiberiti. Kinafukuta wiki nzima. Mwaka juzi mtoto wa jirani yangu aliungua miguu mpaka vifundoni kwa kukanyaga majivu yaliyoonekana yamepoa.

Mimi ni fundi wa matofali hapa Mang'ula, kazi niliyorithi kwa baba. Kinachoteketea pale ni kuni zangu, na kwa sehemu ni saruji yangu, ndiyo maana naandika.

Zamani tulichomea magogo. Mwaka 2011, tulipozuiwa kuokota kuni ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, wengi tuligeukia miembe. Nami niliukata mwembe aliouacha marehemu baba. Ulituliza njaa zetu miaka thelathini, tanuri likaumaliza kwa siku mbili. Baada ya hapo ndipo nikajaribu pumba.

Tanuri la kwanza liliniharibikia. Nilipanga matofali yakabanana, kama tunavyopanga ya magogo, nikamwaga pumba juu na pembeni. Kumbe pumba haziwaki kwa mwali, zinakwenda kwa kufukuta, nazo zinataka hewa. Nilipobomoa, ya katikati yalikuwa meusi tii na mabichi. Theluthi nzima nikairudisha kwenye udongo. Siku hizi naacha nafasi ya vidole viwili kati ya tofali na tofali, najaza pumba kila safu, naacha midomo minne chini upande wa upepo, kisha nasiliba udongo nje. Linafukuta siku tano au sita, na mimi nalala kwangu badala ya kukesha nikisukuma magogo. Tofali lililoiva ukiligonga na lenzake linalia kama chuma. La pumba linalia vilevile.

Halafu kuna majivu. Mpunga wa kilo 100 hutoa pumba kama kilo 20, nazo zikiungua zote hubaki majivu kama kilo 4. Karibu yote ni silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Pumba zikiungua taratibu, joto lisizidi sana nyuzi 700, silika hiyo hushikana na chokaa inayotoka kwenye saruji inapoganda. Watafiti katika nchi zinazolima mpunga wameshapima: asilimia 10 hadi 20 ya saruji inaweza kutolewa na majivu yakawekwa mahali pake. Lakini si majivu yoyote. Ya ndani ya tanuri la matofali yamepata moto mkali mno, yamekufa. Meusi bado yana mkaa, yananyonya maji. Mimi nachomea pumba za majivu peke yake, kwenye pipa nililolitoboa matundu, nangoja yawe ya kijivu cheupe, nayatwanga na kuyachekecha huku nimeziba pua na mdomo kwa kitambaa, maana vumbi lake linaumiza mapafu. Ndoo moja ya majivu kwa ndoo tano za saruji: ndivyo nilivyopiga sakafu ya banda la kuku na plasta ya choo changu. Huu mwaka wa tatu, sijaona ufa. Kwenye nguzo na linta sijathubutu, wala sitathubutu mpaka apime mwenye vifaa vya kupimia.

Mwaka jana lilijengwa darasa katika shule moja jirani. Nikapeleka matofali ya mfano. Msimamizi hakuyagonga, hakuyaloweka majini. Aliniuliza nimechomea nini, nikasema pumba, akanirudisha. Zikaja tofali za saruji kwa lori kutoka mbali. Iliniuma sana, kwa sababu watoto wanaosoma mle ni wetu, na fedha ile ingebaki hapa.

Naziomba halmashauri za mabonde ya mpunga, Kilombero, Mbarali na Kyela, zilipime tofali kwa uimara wake. NHBRA, ambao utafiti wa vifaa vya ujenzi ndiyo kazi yao, na TBS wenye viwango, waje huku wachukue matofali na majivu wakayapime, watuambie yanafaa wapi na wapi hayafai. Na ndugu zangu wenye mashine, msichome. Kiwanda cha sukari pale Kidatu makapi ya miwa kinayafanya nishati. Nanyi tuiteni tu, tutakuja na matela yetu.

Tanuri langu la pili la msimu huu nitalibomoa mwishoni mwa Agosti. Atakayekuja kupima atakuta matofali hayajaguswa, na magunia mawili ya majivu ya pipa chini ya turubai.

Fundi matofali,
Mang'ula, Morogoro