Barua kwa Mwanangu: Jumamosi Ile ya Makumbusho

Mwanangu mpenzi,

Salamu zikufikie popote utakapokuwa siku utakayoisoma barua hii. Ninaiandika usiku wa Jumatano, nawe umelala chumba cha pili, una umri wa miaka miwili na miezi minne, kwa hiyo najua hutakumbuka lolote kuhusu Jumamosi iliyopita. Mimi ninakumbuka kila kitu. Nimeona afadhali niyaweke kwenye karatasi sasa, kabla sijaanza kuyasimulia kwa namna inayonipendeza mimi mwenyewe.

Mama yako alikuwa na zamu kazini, nami nikajitwika kazi ya kukutembeza. Tangu Jumatatu nilikuwa nimeamua kwamba tutakwenda Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill jijini Nairobi, nikuonyeshe sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit. Nilimwona mara ya kwanza nikiwa darasa la tano, tumepangwa mistari miwili, kila mmoja wetu ameshika chupa yake ya maji, na nikajiwekea moyoni kwamba nikijaliwa mtoto nitamleta hapo. Nilikuwa hata nimejiandalia maelezo: kwamba mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda ndovu huyo mmoja, ambaye pembe zake zilikuwa ndefu ajabu, na kwamba alilindwa na askari mpaka alipokufa mwaka 1974. Mtu anayemwandalia hotuba mtoto wa miaka miwili amekwisha kukosea kabla hajafunga mlango wa nyumba yake, lakini hilo ninalijua leo.

Siku hiyo uliamka saa kumi na moja alfajiri, mapema kuliko kawaida yako, kwa sababu jirani alipiga honi langoni akimwamsha bawabu. Tulipotoka Roysambu ilikuwa imefika saa nne u nusu, maana kiatu chako kimoja kilipotea na kikapatikana ndani ya sufuria. Tukaingia Makumbusho saa sita kasorobo, yaani wakati uleule ambao kila siku huwa unavuta shuka lako na kutafuta kona ya kochi. Nililiona jambo hilo kwenye saa yangu, nikaliruka. Tulikuwa tumekwisha kulipa.

Ahmed ulimtazama kwa muda wa kupiga chafya mbili, kisha ukataka kushuka. Hotuba yangu ikaishia kwenye neno Marsabit. Kilichokuvutia kilikuwa kule kwenye bustani ya nyoka, nao hawakuwa nyoka: alikuwa kobe mmoja aliyekuwa ametulia kivulini, kichwa na miguu ameviingiza ndani ya gamba. Ulichuchumaa ukamtazama kwa kitambo kirefu, kisha ukasema, "Kobe analala," ukaegemeza kichwa chako kwenye goti langu. Mwanangu, hungeweza kunieleza waziwazi zaidi ya hapo hata kama ungekuwa na maneno elfu. Nami nikakujibu, "Ndiyo, analala. Sasa twende tukamwone mamba."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kombo kwa haraka. Ulianza kucheka bila sababu, ukakimbia ukigonga watu magotini, ukavuta sikio lako la kushoto mpaka likawa jekundu. Nikadhani una njaa, nikatoa ndizi mkobani. Wakati wa kuimenya ikakatika. Ulivitazama vile vipande viwili kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, ukaniamuru niiunge. Nikakueleza kwamba ndizi haiungiki, na nikaendelea kueleza, kwa sauti ya upole na kwa sentensi zilizokamilika, huku wewe umekwisha kulala chali kwenye ngazi, kiatu kimoja kimeruka, unalia kilio ambacho nina hakika kilisikika mpaka Ngara.

Walikuwako wanafunzi wa shule waliokuja ziarani, wakasimama wote kukutazama, kwa maana wewe ulikuwa unasisimua kuliko chatu. Mama mmoja aliyevaa vizuri akapita, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba huyo dawa yake ni kiboko kimoja tu. Hapo ndipo nilipokosea kosa ninalotaka ulijue. Nilikunyanyua kwa mkono mmoja, kwa nguvu ambayo haikuhitajika, nikakufokea. Ulinyamaza, ukanitazama usoni, kisha ukaanza kulia upya, lakini safari hii kwa sauti ya chini. Sikukufokea kwa sababu ya ulichofanya. Nilifoka ili yule mama aone kwamba nami ni mzazi mwenye msimamo. Nakuomba radhi, na ninaiandika kwa wino ili isije ikageuka siku moja kuwa hadithi ya jinsi ulivyokuwa mtundu.

Hukuwa mtundu. Usiku ule nilisoma mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, unaosema kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 katika kila saa 24, ule wa mchana ukiwa ndani ya hesabu hiyo. Nikapiga hesabu yako: kuanzia alfajiri mpaka ulipofumba macho, ulikuwa umekaa macho saa tisa na nusu mfululizo, kwenye jua, kwenye matatu na katikati ya watu usiowajua. Nyanya yako, ambaye hakusoma mwongozo wowote, aliniambia jambo lilelile kwenye simu kwa maneno machache zaidi: mtu mzima akichoka huzubaa, mtoto akichoka huchachamaa. Tulipokuwa shuleni tuliandika insha nyingi juu ya methali isemayo kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Nilipata alama nzuri, na leo sijui nilikuwa ninaandika nini.

Tukateremka kuelekea Ngara kwa miguu. Hukutaka kutembea, na hukutaka kubebwa. Nikikuweka chini unainua mikono, nikikuinua unajinyoosha kama ubao. Pale kando ya barabara wanapouza nguo za mitumba, mama mmoja aliyekuwa akikunja suruali alitutazama tukipita, akaniita, "Baba, huyo ni usingizi tu. Hebu geuka." Nikageuka, sijui kwa nini. Akavua leso aliyokuwa amejitanda mabegani, akakuweka mgongoni kwangu, akaniambia niiname, akaivuta leso chini ya makalio yako, akapitisha ncha moja juu ya bega langu na nyingine chini ya kwapa, akafunga fundo kifuani na kulipiga kofi dogo kuona kama limekaza. Ulipiga teke mara mbili. Sikuwa nimefika hata mwisho wa safu ya vibanda nilipohisi uzito wako ukibadilika, shavu lako likitulia katikati ya mabega yangu, na pumzi yako ikipenya shati. Ilikuwa saa nane u nusu.

Watu walitutazama, maana si kila siku mwanamume huonekana Ngara amefunga mtoto kwa leso ya waridi yenye maua. Ajabu ni kwamba sikujali, ilhali saa moja kabla yake nilikuwa nimekuumiza mkono kwa kuogopa macho ya mtu mmoja. Kwenye matatu kondakta aliniuliza kama mtoto analipiwa au nitampakata, akachungulia mgongoni, akapunguza redio bila kuombwa. Nilikaa ukingoni mwa kiti kutoka Pangani, tukapita Muthaiga, mpaka Roysambu, nimeinama mbele nisikubane, mate yako yakilowesha ukosi wangu. Nilipotaka kushuka, kondakta hakuligonga gari ubavuni kama kawaida yao. Alimwendea dereva akamwambia mdomoni.

Jioni mama yako alikuuliza umeona nini. Ulimjibu, "Kobe analala," basi. Ndovu hukumtaja.

Leso ilifuliwa Jumapili, nikaipiga pasi mwenyewe, na jana nikashuka Ngara baada ya kazi kuirudisha. Nilimkuta yule mama palepale, anamuuzia kijana koti. Nilitaka kumwongezea kitu kidogo cha shukrani, akakataa. Aliipokea leso, akaikagua kama hesabu yake iko sawa, akajitanda, kisha akaangalia nyuma yangu na kuniuliza mzigo nimeuacha wapi.

Ni mimi,
Baba yako.