Dola 120 za nahau

Lexington, Kentucky

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia wote, hadi pale Mama anapokunong'oneza "mwambie na ya unga." Niseme mapema: dola 120 za hicho kituo cha Kiingereza cha Nyawera, hapo Bukavu, situmi. Usinune, soma kwanza.

Picha za daftari lao nimeziona. "Nahau 500 kwa miezi mitatu," na ukurasa wa kwanza kabisa ni mvua ya paka na mbwa, "it's raining cats and dogs," yaani mvua kubwa! Hapa mvua inapiga kama ya kwetu ya mwezi wa nne, na sijasikia mtu kazini akiwataja hao wanyama. Wanachosema kutwa ni vitenzi vifupi vyenye mkia: put off, put out, put up with. Kitenzi ni kilekile. Ukibadili mkia umeahirisha mkutano, umezima moto, au umemvumilia jirani mwenye kelele. Hivyo ndivyo vitakavyokutesa, na kwenye daftari lao sikuviona.

Halafu wewe una Kifaransa, wenzako wa Kampala hawana. Mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliivamia Uingereza, William wao akawa mfalme, na kwa vizazi wakubwa wakawa wanasema Kifaransa huku wakulima wamebaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana ng'ombe akiwa zizini ni cow, akifika mezani ni beef, yaani ile bœuf yetu. Na ndiyo maana barua rasmi zimejaa maneno uliyoyajua ukiwa bado na kaptula: commence, reside, reimburse. Kwenye basi watu wanasema start, live, pay back. Ukikwama kwenye barua ya kazi, jaribu lile lenye sura ya Kifaransa. Ukiwa na watu, achana nalo.

Ila mengine yana sura hiyo na yanaumiza. Jamaa mmoja wa Uvira, tuko naye zamu moja, alimwandikia bosi "I demand two days of leave." Kichwani mwake ilikuwa demander ya Kifaransa, kuomba, kwa heshima zote. Bosi alisoma amri. Nikamwandikia upya, "I would like to request," akapewa. Tangu hapo wote wananiletea karatasi zao, za shule, za daktari, za bima. Jumapili baada ya misa sebule yangu ni ofisi, nakwambia, watu wanapanga foleni! Hata yule mwenye nyumba wa zamani aliyekalia garantie yangu, ile amana ya nyumba, dola 800, alizirudisha kwa barua ya mistari sita. Hamna neno la hasira hata moja ndani yake. Nitakutumia nakala uione.

Kwa hiyo mfikishie Baba Mdogo kwamba nimesikia aliyoyasema kilioni Bagira, eti Kiingereza changu ni cha kubeba makarton. Chake alikiokota kwa Wapakistani wa MONUSCO, wale walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na tangu MONUSCO ifunge shughuli zake Kivu Kusini, Juni 2024, sijui anakiongea na nani. Ile "kindly do the needful" (tafadhali fanya linalohitajika) anayofungia kila barua, kwa Wapakistani ni adabu tupu. Hapa wataikodolea macho. Simdharau. Ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu mara ya kwanza. Lakini ana namba yangu, angenipigia akaniambia mwenyewe.

Kazi ni ya usiku, afya ipo. Juzi nilipata dagaa wakavu kwenye duka la Waafrika, nikakaanga, nikasonga bugali, jirani akaja kugonga kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Na wala dagaa hao hawakufika hata karibu na sambaza wetu wa Ziwa Kivu. Mwambie Mama anikaushie, akipatikana msafiri.

Natuma 60 kwa Airtel Money ya Mama: 40 za unga na mafuta, 20 za megabaiti zako. Oxford wana orodha ya maneno 3000, bure kwenye intaneti, yamepangwa kwa ngazi, kuanzia A1 ya wanaoanza hadi B2. BBC Learning English nao ni bure. Ukifika katikati ya orodha niandikie barua mbili kwa Kiingereza, moja ya kuniomba viatu, nyingine ya kuomba kazi kwenye shirika. Zikifanana, viatu usahau.

Nisalimie Mama Mapacha.

Yaya wako