Kikasha cha kichujio cha samaki kisitupwe kila mwezi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme na wanaonunua tangi la samaki wa mapambo kwa mara ya kwanza, na zaidi na wanaowauzia. Matangi mengi madogo ya dukani huja na kichujio chenye kikasha cha plastiki. Ndani ya kikasha mna kitambaa cheupe chembamba na vijiko viwili vitatu vya mkaa mweusi, na maelezo ya kwenye boksi humwagiza mnunuzi akitupe na kuweka kipya kila baada ya wiki tatu au nne. Mnunuzi mtiifu hufanya hivyo, samaki hufa, na muuzaji humuuzia wengine pamoja na kikasha kipya.

Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, hasa kupitia matamvua yake, na kinyesi na chakula kilichobaki vikioza huongeza nyingine. Amonia haina rangi. Maji huweza kuwa maangavu kama ya chupa huku yakimuunguza samaki. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaishi wakielea. Hujishikiza kwenye kitu ambacho maji yenye oksijeni yanakipitia muda wote, na katika tangi dogo mahali hapo ni ndani ya kichujio. Huchukua wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Atakayetupa kikasha wiki ya nne anawatupa wakiwa ndio kwanza wameanza kazi.

Kwa hiyo, anayechagua cha kujaza kwenye kichujio ajiulize kwanza ni kitu gani kitakaa humo mwaka mzima bila kutupwa. Jibu letu kwa anayeanza ni sponji ya matundu makubwa, matundu 20 hadi 30 kwa inchi. Hushika uchafu na kubeba bakteria kwa pamoja, na hufuliwa miaka kadhaa kabla ya kulegea. Kwa tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo likishawekwa changarawe hubeba maji ya lita 45 hivi, inatosha sponji ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 12, karibu lita moja, ikiendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Pampu iwekwe juu ya usawa wa maji, au mpira wake uwe na vali ya kuzuia maji kurudi. La sivyo umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa mpira hadi ndani ya pampu.

Sponji ya matundu madogo huvutia kwa sababu maji hung'aa upesi, lakini huziba baada ya siku chache, na sponji iliyoziba haipitishi oksijeni kwa bakteria. Ya godoro na ya kuoshea vyombo zisiguswe. Ya godoro mara nyingi matundu yake hayapitishi maji vizuri, na zote mbili huweza kuwa na dawa, ya kuzuia moto au ya kuua vijidudu. Dawa ya kuua vijidudu ndani ya kitu unachotaka kifuge bakteria!

Mwenye kichujio cha mota chenye nafasi ya kupanga vitu mwenyewe, pampu yake iweze kuzungusha maji ya tangi mara nne au tano kwa saa, na apange kwa kufuata njia ya maji: sponji kwanza, kisha vitu vyenye vinyweleo vya kukaa bakteria. Wengi hufanya kinyume, na vipete vyao vya seramiki, vile vya udongo wa kuchomwa vinavyouzwa kukaliwa na bakteria, hupakwa tope hadi vikawa mawe matupu. Vipete vyenyewe vipimwe dukani kwa tone la maji. Likinywewa papo hapo, vina vinyweleo. Likiteleza na kudondoka, ni vigae vya kung'aa tu, usivilipie. Badala yake yanafaa sana mawe mepesi ya volkano, jamaa ya lile jiwe la kusugulia miguu. Yanapatikana nyanda za Rungwe kule Mbeya na karibu na Naivasha, Kenya. Yapondwe yawe ya ukubwa wa kidole gumba, yaoshwe hadi maji yaache kuchafuka, yachemshwe dakika 20 ili yapunguze kuelea, na lita moja inatosha tangi tulilolitaja. Tofali la kuchoma humomonyoka na kuziba pampu, na vipande vya zege hupandisha ualkali wa maji.

Hapohapo tuseme juu ya makombe na changarawe za baharini, ambazo watu wa Pwani huzitia kwa sababu ziko karibu. Ni chokaa, na huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao maji yao ya asili ni ya alkali, kikombe kimoja ndani ya kichujio ni msaada. Gapi na moli nao hawalalamiki. Samaki wa asili ya Amazoni, kama neoni, hawafai kuwekewa. Jiwe lolote usilolijua lidondoshee siki. Likitoa povu lina chokaa.

Pamba nyeupe ya nyuzi za plastiki (poliesta), ile ya kujazia mito, inafaa kunasa vumbi la mwisho, ila ndiyo pekee ya kutupwa kila wiki, kwa hiyo bakteria wasitegemee hiyo. Isiwe imetiwa manukato. Pamba ya hospitali huoza.

Mkaa wa kuchujia umesifiwa kupita kazi yake. Huondoa harufu, rangi inayotoka kwenye magogo ya tangini na mabaki ya dawa; amonia hauigusi. Hujaa ndani ya wiki mbili hadi nne, na ukishajaa hauna tena kazi yake ya awali. Aliyetia dawa ya ugonjwa na kuuacha mkaa ndani amemtibu mkaa, samaki bado. Kwa anayeanza, uwe pakiti moja kabatini ya kutolea dawa baada ya matibabu, basi. Mkaa wa jikoni ubaki jikoni, na vifuu vya nazi vilivyochomwa uani si kitu kimoja na mkaa wa vifuu uliopikwa kwa mvuke wa moto mkali kiwandani hadi ukatoboka vinyweleo visivyohesabika.

Zeolaiti, zile chenga nyeupe, kweli hunasa amonia, na hapo ndipo mtego ulipo. Katika tangi jipya huwanyima bakteria chakula, wasiongezeke, halafu siku ilipojaa hakuna wa kuipokea kazi. Kibaya zaidi, chumvi huifanya iachie amonia iliyoinasa. Mtu anaona samaki wanaumwa, anatia chumvi kama alivyoshauriwa, na kufikia asubuhi amewaua. Ukitumia chumvi, toa zeolaiti kwanza.

Njia ya haraka ya kuanza ni kuomba kipande cha sponji kutoka tangi lenye afya la mwenzako, au kukamua sponji yake juu ya yako. Kisafirishwe kikiwa na unyevu na kupata hewa, kiwekwe siku hiyohiyo. Bila hivyo, anza na samaki wadogo watatu au wanne, chakula kidogo mara moja kwa siku, na upime amonia na nitriti kila baada ya siku mbili. Amonia hupanda kwanza, nitriti hufuata. Chochote kikifika miligramu 0.5 kwa lita, badilisha nusu ya maji. Asiye na vipimo aangalie samaki: wakihema juu ya maji na matamvua yamegeuka kahawia, ni nitriti. Arusha, Mbeya na Nairobi, maji yasipopashwa hadi nyuzi 25 hivi, bakteria nao huchelewa.

Sponji hufuliwa maji yakipungua kasi, kwa kuikamua mara mbili tatu ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Usiifue chini ya bomba, kwa sababu klorini huua bakteria. Maji mapya ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini kabla ya kumiminwa. Sponji ikichakaa, mpya ikae pembeni ya kuukuu wiki sita ndipo kuukuu itolewe.

Umeme ukikatika, kichujio cha kufungwa, kile cha mota chenye mfuniko usiopitisha hewa, ndicho hatari. Bakteria humaliza oksijeni iliyomo na kuanza kufa ndani ya saa chache. Ikizidi saa mbili, kifungue, toa sponji na mawe uviweke ndani ya tangi lenyewe. Umeme ukirudi, mwaga maji yaliyolala ndani ya kichujio, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Ukiwasha bila kumwaga, maji hayo yenye uvundo huingia kwa samaki yote kwa mkupuo mmoja.

Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Dar es Salaam