Kwa wajukuu zangu mnaosoma Houston huku mkifanya kazi

Wajukuu zangu,

Juzi mmoja wenu kaniambia ameacha chuo kwa aibu. Mwaka wa sita huu, usiku yuko zamu ghalani, kila muhula anachukua masomo mawili tu, na aliokuja nao walishavaa joho. Neno hilo limeninyima usingizi.

Barabara mnayopita kuingia chuoni kwenu, Chuo Kikuu cha Houston, inaitwa Cullen. Mwenye jina, Hugh Roy Cullen, aliacha shule darasa la tano, akawa anatia peremende mifukoni kwa dola 3 kwa wiki. Akauza pamba, kisha akaingia kwenye mafuta. Visima vyake vya mwanzo vilitoka vikavu. Alipata mafuta pale Pierce Junction, eneo la visima huko Houston, katika ardhi ambayo wengine walidhani imekwisha. Yeye alisogea pembeni, akachimba chini zaidi.

Mwaka 1936 mtambo wa kuchimbia ulimwangukia mwanawe, Roy Gustav, akafa. Jengo lenye jina la kijana huyo, ambalo Cullen alilitolea fedha, lilifunguliwa chuoni mwaka 1939. Mimi niliyezika mtoto sipiti pale bila kusimama.

Kwa nini hakupeleka fedha chuo cha matajiri? Hiki chenu kilianza mwaka 1927, madarasa ya jioni ndani ya sekondari ya San Jacinto, wanafunzi wakitoka kazini. Cullen alitaka kibaki cha wafanyakazi na watoto wao. Kwa hiyo wewe unayeingia darasani na fulana ya ghala, jasho halijakauka, hukuja pale ugenini.

Lakini msimpende kwa macho yaliyofumba. Hadi anakufa mwaka 1957, Mweusi alikuwa haandikishwi pale. Mlango ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Cullen hakuwa amewaachia ufunguo. Waliougonga ni watu kama wazee wa Third Ward, mtaa wa Weusi jirani na chuo, mnaopishana nao kituo cha basi. Kiingereza hakina shikamoo, najua. Basi angalau muwe wa kwanza kuwasalimu.

Na wewe uliyeacha, unajijua. Nenda ofisi ya usajili kabla dirisha halijafungwa, uulize wanaorudi wanajaza fomu gani. Chukua somo moja kama mawili yamekuelemea. Ukipungukiwa ada, nipigie Jumapili jioni, siyo usiku wa manane kama ile siku.

Babu yenu